Mgeni Pekee Aliyeshika Jembe Alikuwa Mwizi

Ijumaa Kuu ya mwaka 2024, tarehe 29 Machi, Waislamu wakiwa katika kumi la pili la Ramadhani, mhandisi wa programu Andres Freund alituma barua pepe iliyowatoa usingizini wasimamizi wa seva duniani kote. Alikuwa akipima kasi ya PostgreSQL, hifadhidata ambayo yeye ni mmoja wa watengenezaji wake, akaona kwamba kuingia kwenye mashine kwa SSH, njia salama ya kuingia kwenye kompyuta kutoka mbali, kumekuwa kuzito. Kazi iliyokuwa ikichukua takriban sekunde 0.3 sasa ilichukua 0.8. Nusu sekunde. Angeweza kuipuuza kama ambavyo wengi wetu tungeipuuza, lakini aliifuata hatua kwa hatua hadi ikamfikisha kwenye xz, programu ndogo ya kubana mafaili iliyomo karibu katika kila mashine inayotumia mfumo endeshi wa Linux. Ndani ya toleo 5.6.0 na 5.6.1 mtu alikuwa amechonga mlango wa uani. Mwenye ufunguo wa mlango huo angeweza kuingia kwenye seva na kuiamrisha lolote, bila nenosiri. Matoleo hayo yalikwisha kupenya katika sehemu za majaribio za Debian na Fedora, wasambazaji wa Linux. Yangeachwa miezi michache zaidi, yangeshuka hadi kwenye seva zinazobeba kazi za watu: za benki, za hospitali, za wizara.

Aliyekuwa akiitunza xz ni Lasse Collin wa Finland. Kwa zaidi ya miaka kumi aliitunza bila mshahara, na kwa muda mrefu alikuwa peke yake. Mwaka 2021 akatokea mtu aliyejiita Jia Tan, akaanza kuleta marekebisho madogomadogo, yote ya manufaa. Mwaka 2022 zikaanza kuingia barua za watu wenye majina ambayo hayajulikani kwingine kokote, zikilalamika: mbona kazi inakwenda polepole, mbona marekebisho yanakaa bila kujibiwa, na kama mtunzaji amechoka si amwachie mwingine? Collin aliwajibu kwa upole. Alisema hajapoteza hamu, ila matatizo ya muda mrefu ya afya ya akili yamempunguzia nguvu, na akawakumbusha kwamba hii ni kazi ya kujitolea isiyo na malipo. Akataja pia kwamba Jia Tan anamsaidia, na kwamba huenda baadaye akapewa nafasi kubwa zaidi. Alipewa. Ni yeye aliyeweka sumu. Jia Tan ni nani, au ni kina nani, haijulikani hadi leo.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika shamba la Collin dunia nzima ilikuwa mgeni, na haikukaa siku tatu bali miaka. Yalikuwemo makampuni yenye mali kuliko mataifa, zilikuwemo serikali, yalikuwemo mabenki. Walikula, wakafunga vibindo, wakaenda zao, na kati yao hakuna aliyeuliza jembe liko wapi. Mgeni mmoja ndiye aliyekuja akaliomba, akalima miaka miwili kwa bidii, akapalilia hata pale ambapo mwenyeji hakufika. Huyo ndiye aliyekuwa mwizi. Nimekaa na jambo hili tangu siku ile na halijaacha kuniuma.

Watu wengi wametoa hukumu tofauti na yangu, na hukumu yao si ya kupuuzwa. Wanasema xz imethibitisha walichokishuku siku zote: programu huria, yaani ile ambayo msimbo wake, maandishi yanayoiunda, uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuubadili, ni kitu kisicho na mwenyewe, mlango wake uko wazi kwa yeyote anayepita, na taasisi yenye akili timamu inapaswa kununua programu kwa kampuni yenye ofisi, mkataba na wakili. Miezi michache baada ya tukio lile niliitwa kwenye kikao cha taasisi moja iliyokuwa ikichagua mfumo wa kutunza kumbukumbu. Nilikwenda kutetea upande wa programu huria. Mkuu wa manunuzi, mama mtu mzima anayeheshimika sana pale, alinisikiliza hadi mwisho, akavua miwani akaiweka juu ya faili. Akaniambia: “Mwanangu, mimi sina ugomvi na hizo programu zenu. Ila kikiharibika saa nane usiku, nampigia nani simu?”

Swali lile ni la haki. Msemo wa siku nyingi wa wapenzi wa programu huria ni kwamba penye macho mengi kosa halijifichi. Ukweli umekuwa mchungu zaidi. Kosa la OpenSSL lililokuja kuitwa Heartbleed lilitoka pamoja na toleo la Machi 2012 na likagunduliwa Aprili 2014. Kwa miaka miwili, programu iliyolinda sehemu kubwa ya mawasiliano ya siri ya intaneti ilikuwa ikivuja, na msimbo wake ulikuwa wazi kwa kila mwenye kutaka kuusoma. Kosa la Log4j, kipande cha programu huria kilichomo ndani ya programu nyingine nyingi, lililoitetemesha dunia Desemba 2021 lilikuwamo tangu 2013. Kwa xz hali ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu sumu yenyewe ilifichwa ndani ya mafaili ya majaribio ambayo jicho la binadamu haliwezi kuyasoma, na kiwashio chake kikawekwa kwenye furushi la kupakua tu, si kwenye hazina ya msimbo ambayo kila mtu huitazama. Kwa hiyo anayesema uwazi peke yake ni ulinzi anadanganya, na nimewahi kuwa mmoja wa wanaosema hivyo.

Lakini tuutazame na upande wa pili wa mlango. Desemba 2020 ilijulikana kwamba wadukuzi walikuwa wameingiza sumu katika masasisho ya Orion, programu ya kampuni ya Marekani SolarWinds. Ilikuwa programu ya kununuliwa, yenye mkataba na namba ya simu ya kupiga usiku wa manane. Wateja wapatao 18,000 walipakua masasisho yale, zikiwemo wizara za serikali ya Marekani. Muuzaji hakuwa na habari. Waliogundua ni FireEye, mmoja wa wateja, baada ya wao wenyewe kuibiwa. Simu ya mama yule ingepigwa na ingepokelewa vizuri kabisa, na aliyeipokea asingekuwa na la kusema.

Sasa jiulize Freund alifanya nini kwa ile nusu sekunde yake. Hakuwa mtunzaji wa xz, wala hakuwa na mkataba wa kuikagua au kibali cha kuingia popote. Alifungua. Akaona mchakato wa SSH unakula nguvu ya kichakataji kuliko inavyostahili, akafuatilia nguvu hiyo inaliwa wapi, akakuta ni ndani ya maktaba ya xz, akapakua furushi lake, akalilinganisha na msimbo wa hadharani, akaona tofauti. Kila hatua ilikuwa ni kufungua kitu ambacho, kama kingekuwa cha kampuni, kingefungwa kwa kufuli na kulindwa na sheria. Ingekuwa hivyo, angeandika malalamiko kwa muuzaji kwamba huduma imechelewa kwa nusu sekunde, na naamini unajua malalamiko ya namna hiyo huishia wapi. Kabla jua la siku ile halijazama, watu wasiofahamiana, kila mmoja kwao, walikuwa wakiichambua sumu ile mstari kwa mstari, na wasambazaji wa Linux wakirudisha mashine zao kwenye matoleo ya nyuma.

Liko jambo moja katika kisa hiki ambalo naona halisemwi vya kutosha. Freund ni mwajiriwa wa Microsoft, na kazi anayolipwa kuifanya ni kuitengeneza PostgreSQL, ambayo ni programu huria. Muda wa kuikodolea macho nusu sekunde alikuwa nao kwa sababu mtu alimlipia muda huo. Collin hakuwa nao. Programu zote mbili zilikuwa wazi kwa kiwango kilekile. Aliyeona alikuwa na mshahara, na aliyelemewa hakuwa nao. Ukinitaka nitaje chanzo cha maafa yale kwa neno moja, sitasema uwazi. Nitasema upweke.

Nilipomsimulia mama wa manunuzi habari ya Collin, aliuliza jambo moja tu: “Na huyo bwana wa Finland, nani alikuwa anamlipa?” Nikasema hakuna. Akasema: “Basi hamkupata kitu cha bure. Mliazima mgongo wa mtu.”

Nimeliandika neno lake hapa kwa sababu limenisaidia kuliona tatizo la lugha yetu wenyewe. Richard Stallman, mwanzilishi wa vuguvugu la programu huria, alipotangaza mradi wake wa GNU mwaka 1983 alikusudia programu ambazo mtumiaji ana uhuru wa kuziendesha, kuzisoma, kuzibadili na kuzigawa. Kwa bahati mbaya neno alilolitumia kwa Kiingereza, free, linabeba maana mbili, ya uhuru na ya kutolipa, na kwa miaka zaidi ya 40 amekuwa akilifafanua. Sisi tumejaliwa maneno mawili. Huru ni huru, bure ni bure. Anayetoka jela yu huru, lakini chakula chake atakinunua. Hata hivyo kwenye vikao vyetu, kwenye maandiko ya miradi, kwenye hotuba za uzinduzi, utasikia programu huria ikisifiwa kwa jambo moja tu, kwamba haina gharama. Tumelichukua kosa ambalo lugha yetu ilikwisha kutuepusha nalo, tukajitia nalo kwa hiari. Na kitu kikishaitwa cha bure, hakuna anayeuliza nani anakigharamia. Kinageuka shamba la bibi.

Januari 2024, miezi miwili kabla ya barua ya Freund, watafiti wa Harvard Business School na Chuo Kikuu cha Toronto walitoa makadirio ambayo yamenukuliwa sana tangu hapo. Walijiuliza: programu huria zinazotumika zaidi, kama zingetoweka na zikabidi kuandikwa upya mara moja, zingegharimu kiasi gani? Jibu lao ni dola bilioni 4.15. Kisha wakauliza: kama zisingekuwepo kabisa, na kila kampuni inayozitumia ikalazimika kujiandikia za kwake, ingekuwa kiasi gani? Dola trilioni 8.8.

Hesabu hii nimeirudia mara nyingi. Trilioni 8.8 kwa bilioni 4.15 ni zaidi ya mara 2,000. Mtu anapanda mbegu moja, dunia inavuna debe. Nakubali kwamba namba kubwa ina udhaifu wake. Hakuna dunia ambamo kila kampuni ingejiandikia kila kitu. Zingeuziana, zingeungana, nyingine zingekaa bila. Kwa hiyo trilioni 8.8 ni dari, wala si bei ya sokoni. Tuiache. Inayonisumbua mimi ni ile namba ndogo, ambayo watu huipita haraka wakikimbilia kubwa. Dola bilioni 4.15 ni gharama ya kuandika mara moja. Ni gharama ya kujenga nyumba, lakini haimo gharama ya kuezeka upya paa likivuja, wala ya kuamka usiku mwizi akijaribu kitasa, wala ya kujibu barua ya mtu asiyekujua anayekuuliza kwa nini unachelewa. Kazi ya Collin kwa miaka yote ile, ile hasa iliyomchosha, haimo katika namba ndogo wala kubwa. Programu haiishi kwa kuandikwa. Inaishi kwa kutunzwa, na utunzaji ndio ambao hakuna aliyeuwekea bei.

Utafiti huohuo uligundua kwamba asilimia 96 ya thamani ile kubwa imetokana na asilimia 5 tu ya waandishi wa programu hizo. Wapo watu wachache, basi, ambao migongo yao imebeba mizigo ya wote. Wanajulikana kwa majina. Kuwafikia si jambo gumu.

Na kwamba kuwafikia kunaleta matunda, hilo tumeliona. Kabla ya Heartbleed, OpenSSL ilikuwa ikipata michango ya takriban dola 2,000 kwa mwaka, huku ikilinda biashara ya mabilioni. Baada ya aibu ile Linux Foundation, shirika linalosimamia miradi ya programu huria, ilikusanya makampuni makubwa yakachanga, watu wakaajiriwa, msimbo ukapitiwa na kusafishwa. Ujerumani mwaka 2022 ilianzisha mfuko wa umma, Sovereign Tech Fund, wa kulipia matunzo ya programu huria ambazo uchumi wake unazitegemea. GNOME, mradi unaotengeneza mwonekano wa skrini wa Linux, peke yake ilipata euro milioni 1 mwaka 2023. Ni fedha za walipa kodi zikienda kwenye kitu ambacho Ujerumani haikimiliki na haitakimiliki, kama vile serikali inavyokarabati barabara inayopitwa na wageni pia. Mimi naona ni busara. Wapo Wajerumani wanaoona ni upotevu, na hoja yao ni kwamba anayenufaika zaidi ni kampuni kubwa za Marekani, ambazo zingeweza kulipa na hazilipi. Ni kweli hazilipi inavyotosha. Lakini barabara haiachwi na mashimo kwa sababu jirani tajiri naye anaipita.

Upande unaonipa taabu zaidi ni ule wa leseni. Siku tisa kabla ya barua ya Freund, tarehe 20 Machi 2024, kampuni ya Redis, yenye hifadhidata ya jina hilohilo, iliacha leseni yake huria ikachukua yenye masharti, ikilalamika kwamba wauzaji wakubwa wa huduma za wingu wanaiuza kazi yake bila kurudisha kitu. Elastic, kampuni yenye programu ya kutafutia data, ilikuwa imefanya hivyohivyo Januari 2021, kwa malalamiko yaleyale. Ukiitazama kwa haraka, ni kilio cha Collin. Mgeni amekula, mpe jembe. Mimi sikubali ni kilio kimoja. Redis na Elastic ni makampuni yenye wawekezaji, na sehemu ya msimbo waliyoifungia iliandikwa na watu wa nje waliotoa kazi yao kwa kuamini mlango utabaki wazi. Matokeo pia yanasema. Kwa Redis, ndani ya siku chache watu waliuchukua msimbo wa mwisho uliokuwa huria wakaanzisha Valkey chini ya Linux Foundation, na wakubwa walewale waliolengwa ndio waliokwenda kuuunga mkono. Aliyebaki nje ni mtumiaji mdogo, asiye na wakili wa kumsomea leseni mpya. Elastic ilirudisha leseni huria kama chaguo mwaka 2024, Redis ikafanya hivyo Mei 2025. Hasira yao naielewa. Dawa waliyoichagua ilimwadhibu asiyehusika.

Wala fedha si dawa isiyo na madhara. Anayelipa mpiga zumari ndiye achaguaye wimbo, na programu inayotegemea mfadhili mmoja itaelekea anakotaka mfadhili. Wapo pia watunzaji ambao hawataki mshahara hata kidogo. Walianza kwa mapenzi, na ukiwalipa utawageuzia mapenzi kuwa zamu. Wanachotaka ni msaidizi mwaminifu, na adabu. Hili la adabu halina gharama, na kwa xz ndilo lililokuwa silaha. Barua zile za kumbana Collin zilifaulu kwa sababu hazikuonekana za ajabu. Kila mtunzaji wa programu huria huzipokea za namna hiyo kila wiki kutoka kwa watu halisi: mbona unachelewa, mbona hujali, wape wenye uwezo. Mwizi hakuhitaji kujifunza sauti ngeni. Aliiga ya kwetu, watumiaji, na ikatosha.

Nije nyumbani, maana jambo hili haliko mbali nasi hata kidogo. Mwishoni mwa mwezi, kwenye zahanati ya kijiji chochote Tanzania, utamkuta muuguzi ameinamia vitabu vya MTUHA, vya kuandikia taarifa za huduma za afya. Vimechakaa pembeni, mistari imepigwa kwa rula, na kwenye karatasi ya kujumlishia ameweka vijiti vitanovitano: wajawazito waliohudhuria kliniki, watoto waliochanjwa, wagonjwa wa malaria. Jumla zile huingizwa kwenye DHIS2, mfumo wa takwimu za afya ulioanzia Afrika Kusini miaka ya 1990 na ambao sasa hutengenezwa na kituo cha Chuo Kikuu cha Oslo, ukitumika katika nchi zaidi ya 70. Kenya iliutandaza nchi nzima kuanzia mwaka 2011, Tanzania ikafuata, na Uganda na Rwanda zinautumia. Ni programu huria. Na takwimu zake zinalala ndani ya PostgreSQL, ileile ambayo Freund alikuwa akiipima. Vijiti vya muuguzi yule na nusu sekunde ile viko kwenye waya mmoja.

DHIS2 yenyewe si mpweke kama ilivyokuwa xz. Ina wahandisi wanaolipwa Oslo, kwa fedha za wafadhili kama Norad, Gavi na Global Fund, na ina vikundi vya wataalamu huku kwetu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikiwa kimojawapo, wanaoufundisha, kuurekebisha na kupokea simu pale mama wa manunuzi anapopiga. Kwa hiyo jibu la swali lake lipo. Hata nje ya afya lipo: Red Hat, ambayo IBM iliinunua mwaka 2019 kwa takriban dola bilioni 34, ilijijenga kwa kupokea simu za watu wanaotumia programu huria. Nilipaswa kumjibu hivyo siku ile. Badala yake nilimweleza habari za uhuru, naye alikuwa ameuliza habari za saa nane usiku.

Lakini ukishuka chini ya DHIS2, kwenye Linux, kwenye maktaba za kubana mafaili na za kusimba mawasiliano, huko hakuna mkono wetu. Na wafadhili nao si mwamba. Mwaka 2025 Marekani ilipokata misaada yake kwa ghafla, kila anayefanya kazi kwenye mifumo ya afya Afrika Mashariki aliyaona matokeo. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema nchi maskini zina haki ya kula tu, kwamba jembe ni la matajiri. Hatuna euro milioni za kutoa, kweli. Tuna wahitimu wa kompyuta wanaomaliza vyuo kila mwaka, wenye uwezo wa kusoma msimbo, na ambao taasisi zetu huwaajiri kubadilisha wino wa printa. Taasisi inayoendesha seva 20 za Linux ikimwachia mmoja wao siku moja kwa wiki aifuatilie programu moja tu inayoitegemea, apitie marekebisho yanayoingia, aripoti makosa kwa lugha ya heshima, aandike sehemu ya maelezo iliyopungua, gharama yake haifikii posho ya safari moja ya semina. Na kwa kuwa hao wangejulikana kwa majina na kwa waajiri wao, mtunzaji mchovu angekuwa na mtu wa kumwamini zaidi ya kivuli kinachoitwa Jia Tan.

Watakaosema ni ndoto wana hoja moja nzito. Taasisi zetu hazina utamaduni wa kulipia kitu kisichoonekana kwenye stoo, na mkaguzi wa hesabu akikuta mshahara wa mtu anayetunza programu ya Finland atauliza maswali. Hilo ni tatizo la kweli, na nadhani litatatuliwa kwenye nyaraka za zabuni kabla ya kutatuliwa kwenye mioyo: mstari mmoja wa bajeti ulioandikwa matunzo, uliopangwa tangu siku ya kwanza, kwa kila mfumo unaojengwa juu ya programu huria. Mama wa manunuzi aliniambia mstari kama huo angeutia saini. Alichokataa kutia saini ni kifungu kilichosema gharama ya programu ni sifuri, na sasa naona alikuwa sahihi.

Baada ya Ijumaa Kuu ile wengi walidhani Collin ataiacha xz, na hakuna ambaye angemlaumu. Hakuiacha. Alirudi, akachukua funguo za shamba lake, akaanza kuyapitia aliyoyaacha mgeni. Toleo 5.6.2 lilitoka tarehe 29 Mei 2024, miezi miwili kamili tangu barua ya Freund, na miongoni mwa mabadiliko aliyoyaorodhesha ni kuondolewa kwa mlango wa uani.